Karani Aliyepima Usalama Wetu

Huenda wewe hukupata habari, lakini sisi watu wa Tawa, pamoja na ndugu zetu wa ng'ambo ya mto Athi kule Kanyangi, tuliwahi kuwa miongoni mwa wananchi salama kabisa. Haya si majigambo. Yaliandikwa kwenye karatasi yenye mhuri, ikabandikwa nje ya ofisi ya chifu, ikakaa pale mpaka mbuzi wa mtu akaila upande wa chini uliokuwa na maelezo. Upande wa juu ulibaki na neno moja tu, "Hongera", na watu waliokuja kushtaki wizi wa kuku walilisoma wakisubiri zamu yao.

Aliyetufikisha kwenye usalama huo ni mpangaji wetu. Kwa miaka minne alikaa katika chumba cha nje cha boma la mama yangu pale Tawa, na kila mtu alimwita Karani. Nami nitamwita hivyohivyo. Alipenda siri kuliko chakula, na nikimtaja jina atatafuta kifungu cha sheria cha kunikemea.

Kazi yake ilikuwa kupima kama watu wana hali nzuri. Kulikuwa na mradi fulani uliotaka kujua kama wananchi wa Kitui na Makueni wana afya, wana usalama, na wanapata haki. Mradi ukachagua nyumba, kila nyumba ikaitwa kaya na kupewa namba, na kila mwaka Karani alizirudia nyumba zilezile akiwa na maswali yaleyale. Sisi tulikuwa kaya namba saba. Dada yangu mkubwa, aliyeolewa karibu na soko la Kanyangi, alikuwa kaya namba thelathini na moja. Kwa hiyo duniani kote kulikuwa na mtu mmoja tu aliyelipwa kwenda kwa dada yangu, kukaa kwenye kiti chake, kumtazama usoni na kumuuliza kama yuko salama, kisha jioni akarudi kulala kwetu. Ungedhani tulikuwa na bahati.

Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo vyote hata jua likiwaka namna gani. Mfukoni alibeba kitambaa cha kupangusia viatu. Kabla ya kuingia katika boma la mtu alisimama nje ya ua, akainama, akapangusa kiatu cha kulia, halafu cha kushoto, halafu akarudia cha kulia. Ukambani vumbi halina mwenyewe, na kiatu alichokipangusa kilichafuka tena kabla hajafika mlangoni, lakini hilo halikumvunja moyo. Aliniambia kwamba mtu mwenye viatu vichafu hawezi kuuliza habari za usafi.

Kule kupangusa viatu kuliwapa watu nafasi nzuri sana. Fomu ilitaka kujua kama karibu na choo kuna maji na sabuni, na wakati Karani anahangaika na kiatu cha kushoto, sabuni ilikuwa njiani. Nimeiona kwa macho yangu sabuni moja ya kipande, ya rangi ya samawati, iliyopimwa kwa jirani yetu, ikaruka ua, ikapimwa kwetu, ikabebwa chini ya leso na kupimwa katika kaya namba nane. Zote tatu tulipata alama kamili. Nilimuuliza Karani kama hakuitambua.

"Niliitambua," akasema. "Hata ilikuwa bado na maji."

"Na ukaandika tuko nayo?"

"Fomu inauliza kama sabuni iko. Haiulizi ililala wapi."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Hakuwa mwongo, na hilo ndilo lililonitia hasira zaidi. Mwongo unaweza kumshika. Karani alijibu kila swali kwa ukweli mtupu, kisha ukweli wenyewe ukaenda kukaa mahali pasipo na faida kwa yeyote.

Chukua mambo ya afya. Zahanati yetu iliishiwa dawa, kwanza zile za presha, baadaye hata zile za kutuliza maumivu. Watu wakachoka kutembea jua lote kwenda kupimwa na kuambiwa "nenda ukanunue". Wakaacha kwenda. Mwaka ule ripoti ilisema kwamba idadi ya wagonjwa imepungua na afya ya wananchi imeimarika. Mama yangu, ambaye ni mgonjwa wa presha na aliyekuwa mmoja wa walioimarika, alimwita Karani uani.

"Karani, mimi niliacha kwenda, juu hakuna dawa."

"Najua, Mwaitu." Alimwita Mwaitu, kama sisi watoto wake tunavyomwita.

"Sasa mbona umeandika nimepona?"

"Sijaandika umepona. Nimeandika hukuenda. Kuna mahali pa 'nilienda' na mahali pa 'sikuenda'. Mahali pa 'kwa nini' walitoa. Walisema fomu ni ndefu."

Mama akaenda kumpakulia muthokoi, kwa sababu mtu hawezi kunyimwa chakula kwa makosa ya fomu. Mwezi uliofuata mama alipozidiwa na kizunguzungu, Karani ndiye aliyempakia kwenye pikipiki yake, akampeleka hospitali kubwa, akakaa naye kwenye benchi kutwa nzima akimpepea kwa faili. Lazima niyaseme hayo pia. Ningependa kumchukia kwa raha bila vizuizi, lakini mwanamume aliyempepea mama yako kwa faili tangu asubuhi mpaka jioni anakuharibia ladha.

Usalama ndio ulikuwa ubingwa wetu. Pale njia panda kulikuwa na kituo kidogo cha polisi, chumba kimoja na kitabu cha OB ambamo malalamiko yaliandikwa, ukijaliwa kufika na kalamu yako. Paa liliezuliwa na upepo, polisi wawili wakahamishwa, mlango ukafungwa. Kitabu kikafungiwa ndani. Tangu siku hiyo hakuna uhalifu hata mmoja ulioandikwa katika eneo letu, na nadhani hakuna mahali popote palipotokomeza uhalifu haraka kama sisi. Wachimba mchanga walipigana kwa sepetu kule mtoni, nyumba ya mjane ikavunjwa mchana, na kitabu kikabaki safi. Karani alileta matokeo hayo nyumbani akiwa na uso wa mtu aliyebeba maiti ya mtu mwingine. "Malalamiko, sufuri," akasema. Nikamuuliza kwa nini basi chumba chake alikifunga kwa kufuli mbili. Akajibu kwamba kwa ujumla eneo ni salama.

"Kwa ujumla" ndilo lilikuwa neno lake. Alilitumia kama watu wengine wanavyotumia mwavuli. Mvua ya maswali ikianza tu, analifungua na kusimama chini yake. Kwa ujumla watu wana vyoo. Kwa ujumla akina mama wanajifungua vizuri. Niliwahi kumuuliza huyo Ujumla ni nani, anaishi wapi, na kama naye ana namba ya kaya. Alicheka kidogo, akaendelea kuchonga penseli ambayo hakuihitaji, maana siku hizo walishampa tableti.

Kuhusu haki sitasema mengi, kwa vile hata fomu yenyewe haikusema mengi. Swali lilikuwa: je, unapata haki? Wazee walidhani anawataka waape, wakasema "haki ya Mungu". Vijana wa bodaboda wakasema "aki Karani, tuache". Mzee mmoja aliyekuwa akidai mpaka wa shamba lake tangu nikiwa shule ya msingi aliulizwa kama kesi yake imekwisha, akajibu ndiyo imekwisha, kwa sababu amechoka. Ikaandikwa katika kesi zilizokwisha. Ripoti ikapongeza kasi ya kumaliza kesi.

Lakini swali lililotuangusha kifudifudi ni lile jepesi kuliko yote. Wataalamu walilitunga kwa Kiingereza, wakalitafsiri, wakalipiga msasa, likatua kwenye mdomo wa Karani likiwa hivi: "Je, uko salama?"

Sasa niambie wewe, ni nani huku kwetu atakayeulizwa na mgeni "uko salama?" akajibu kitu kingine? Hiyo ni salamu. Mgeni amesimama mlangoni, viatu vimepanguswa, anakuuliza uko salama. Unajibu "salama", unaongeza "karibu", unatafuta kiti. Kwa Kikamba ungesema "nesa", na ingekuwa kitu kilekile. Aliyefiwa jana anajibu salama. Aliyeibiwa ng'ombe anajibu salama. Habari zenyewe zinakuja baadaye, mgeni akishakaa, akishakunywa, akishauliza mara ya tatu kwa sauti ya chini, "haya, na kwingine?" Mtu anayefungua na shida kabla mgeni hajaketi, kwetu tunasema hakulelewa. Karani ni Mkamba kama mimi. Alilijua hilo tangu akiwa mgongoni mwa mama yake. Aliuliza, watu wakamjibu salamu yake, naye akaibonyeza kwenye tableti: salama.

Na ole wetu, kulikuwa na kanuni ya chai. Mradi ulikataza karani kula au kunywa chochote fomu ikiwa wazi, eti asije akanunuliwa na kikombe. Karani aliitii kanuni hiyo kuliko amri kumi. Aliuliza maswali yote akiwa na koo kavu, akabonyeza ya mwisho, akaifunga fomu, akaitia tableti kwenye mkoba, kisha akasema, "Haya, sasa mimi ni mgeni." Hapo ndipo chai ilipokuja. Na pamoja na chai ndipo yalipokuja mambo yenyewe: bwana amerudia pombe, mtoto amepata mimba shuleni, nimelala njaa, nyumba ya pili kuna mtu anayepigwa. Aliyasikia yote. Alikunywa chai, akatikisa kichwa, akasema pole, pole sana. Lakini fomu ilikuwa imefungwa, na fomu iliyofungwa haikufunguliwa tena. Siamini kama kuna mtu katika kaunti hizi mbili aliyejua shida za watu kuliko yeye, wala aliyeziandika kidogo kuliko yeye.

Mama yangu alikuwa na swali lake mwenyewe, na aliliuliza kila mwaka Karani alipotoka Kanyangi. Usishangae kwa nini hakwenda mwenyewe. Kwetu mama mkwe haingii ovyo nyumbani kwa mkwewe. Ipo aibu ya heshima kati yao, tunaiita nthoni, na mama yangu ni mtu wa zamani. Akikutana na mkwe njiani alihama njia. Kwa hiyo alisubiri Karani aegeshe pikipiki.

"Karani, si umetoka kwa mtoto wangu?"

"Nimetoka kaya thelathini na moja, Mwaitu."

"Hajambo?"

"Mwaitu, majibu ya kaya ni siri. Nilikula kiapo."

"Mimi sijauliza kaya. Nimeuliza mtoto."

"Kwa ujumla," akasema Karani, akitazama viatu vyake, "kule ni salama."

Mama akashukuru. Alishukuru miaka yote minne. Alipika, akapakua, akamwekea Karani sehemu ya juu yenye mafuta, na jioni akaimba nyimbo za kanisani akiosha vyombo kwa sababu mtoto wake, kwa ujumla, alikuwa mzima.

Nami je? Nisijifanye mtakatifu. Mimi nilikuwa na kibanda cha nafaka sokoni na miguu miwili mizima. Nilikwenda Kanyangi mara mbili tu. Shemeji alinichinjia kuku. Ni mtu mpole wa kusema, kiongozi wa kwaya, anayekupokea kwa mikono miwili na kukusindikiza mpaka barabarani. Dada alikaa kando yake. Nikamuuliza, "Uko salama?" Akasema, "Salama, karibu." Nikala kuku.

Dada alikuja kwetu asubuhi ya Jumatatu moja, muda mfupi baada ya ile safari ya nne ya Karani. Jicho moja lilikuwa limefunga. Hakuwa na mzigo, na hakuwa na watoto wake wawili, wasichana, kwa sababu baba yao alikuwa amewafungia. Mama aliketi chini palepale uani. Karani alikuwa anapiga mswaki karibu na tangi la maji. Alimwona, akageuka, akaingia chumbani na mswaki mdomoni.

Shemeji hakumfuata mke. Alifanya jambo la kistaarabu zaidi: alienda kwa naibu wa chifu kule kwake na kuomba wazee wakae, mke arudishwe. Tukaenda. Mama alikaa nyuma kabisa, amejifunika leso ili asikutane macho na mkwewe, na dada akasimama mbele. Akasema alivyopigwa na miaka aliyopigwa. Hakulia. Wazee wakauliza nani aliyeona. Majirani wote wa dada walikuwa pale, wote waumini wa kanisa moja na shemeji, na wote wakatazama chini.

Shemeji akainuka, akavua kofia.

"Wazee wangu, mimi sina maneno mengi. Kuna mtu wa serikali huja kwetu kila mwaka. Anauliza huyu mama, mbele yangu, kama yuko salama. Anajibu salama. Iko kwa kompyuta huko Nairobi. Sasa ni nani mwongo, mimi ama kompyuta?"

Watu wakacheka. Naibu wa chifu akaagiza Karani aitwe, na ikawa alikuwa pale sokoni, akimalizia kaya zake. Akaja. Akapangusa viatu mlangoni. Wazee wakamuuliza kama ni kweli mama huyu alijibu salama, na kama yeye mwenyewe aliona kitu chochote katika nyumba ile.

Nilimtazama Karani. Dada alimtazama Karani. Mama alitoa leso usoni, mbele ya mkwewe, jambo ambalo sijamwona akilifanya tena, akamtazama mpangaji wake.

"Majibu ya kaya ni siri," akasema Karani. "Nilikula kiapo. Siwezi kusema ndiyo, siwezi kusema hapana."

Akatoka. Wazee wakashauriana kwa muda wa kunywa soda, wakaamua dada arudi kwa bwana wake, naye bwana apunguze hasira. Dada alisema hatarudi. Basi, wakasema, watoto watabaki kwao. Hiyo nayo bila shaka iliandikwa katika kesi zilizokwisha.

Karani alikuta vitu vyake vimetolewa nje, vimepangwa vizuri juu ya mkeka, shati juu ya shati. Mama hakumgombeza. Alimwambia tu, "Karani, nahitaji chumba," akampa chakula chake cha mwisho kwenye mkebe wenye kifuniko, kisha akaingia ndani. Nilimwona akifunga mizigo kwenye pikipiki. Alijaribu kusema kitu nami nikampa kisogo.

Dada alikwenda Mtito Andei. Pale kwenye maegesho ya malori alipata kazi ya kupika katika hoteli ya mabati, na baada ya mwaka akawa na hoteli yake mwenyewe, meza tano na jiko la nje. Mimi nilimpelekea ndengu na maharagwe kila baada ya wiki mbili. Madereva walimpenda, chapati zake zilisifiwa mpaka Voi, na kila jioni alipokunja meza alikaa akitazama picha ya wasichana wake kwenye simu. Kwa miaka miwili hakuruhusiwa kuwaona hata siku ya kufunga shule. Akapata wakili wa msaada, mwanamke kijana asiyecheka ovyo, akafungua kesi ya kudai watoto. Wakili akamwambia ukweli: bila shahidi aliyeona hali ya nyumba ile, mahakama itauliza kwa nini watoto wahamishwe kutoka nyumba ya kiongozi wa kwaya kwenda hoteli ya mabati kando ya barabara ya Mombasa.

Nilikuwa pale hotelini siku aliyoingia. Nilikuwa nashusha gunia, nikasikia mtu akipangusa viatu nje.

Mradi wa kupima watu ulikuwa umekwisha, na Karani alikuwa amepata kazi nyingine ya kuhesabu. Sasa alihesabu malori. Alikaa kando ya barabara kwenye kiti cha plastiki, akabonyeza lori likipita kwenda juu, akabonyeza likipita kwenda chini. Alikuwa amezeeka kuliko miaka miwili inavyozeesha. Alikuwa ameshaketi na kuagiza kabla hajatambua ni nani aliyemletea sahani. Akataka kuinuka.

"Kaa ule," dada akasema. "Hapa mteja ni mteja."

Akakaa. Dada naye akavuta kiti, akakaa mbele yake, mikono ina unga.

"Kesi yangu ya watoto ni mwezi ujao. Nataka uje useme."

"Mama, niliapa. Siwezi sema kile ulinijibu."

"Uliapa usiseme kile nilisema," dada akasema. "Mimi sikusema kitu. Nilikusalimia. Sasa nataka useme kile uliona."

Karani alishika chapati bila kuimega. Malori mawili yalipita nje na hakuna aliyeyahesabu. Nilitaka kumrukia. Nilitaka kumwaga gunia zima la ndengu kichwani mwake. Dada alisubiri tu, kama mtu anayesubiri maji yachemke.

"Ni tarehe ngapi?" Karani akauliza.

Sikuamini kama angekuja. Mama ndiye aliyesema atakuja, nikamwambia ana moyo mwepesi wa kusamehe, naye akasema hajamsamehe, ila anamjua. Akaja. Shati lilifungwa mpaka shingoni. Akasimama kizimbani akala kiapo kingine, maana hicho ndicho kitu asichokikinai, na wakili akamuuliza alifika nyumba ile mara ngapi.

"Mara nne."

"Ulimwona mama huyu?"

"Mara zote nne."

"Akiwa katika hali gani?"

Shemeji alikuwa amekaa mbele na kofia magotini. Karani hakumtazama. Alianza kusema kwa sauti ileile ya kusoma fomu, bila kupanda wala kushuka.

"Mara ya kwanza mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa. Mara ya pili mdomo ulikuwa umepasuka. Mara ya tatu alinijibu akiwa amesimama mpaka mwisho, kwa sababu hakuweza kukaa. Mara ya nne," akagusa shingo yake mwenyewe, "alikuwa na alama za vidole hapa. Watoto walikuwa chini ya meza. Mtoto mdogo aliniambia nisiondoke."

Hakimu akaacha kuandika, akamuuliza mwenyewe.

"Na wewe uliandika nini?"

"Salama, mheshimiwa. Mara zote nne."

Mama yangu, aliyekuwa ameketi kando yangu, alinishika mkono kwa nguvu hata ukaniuma siku mbili. Alikuwa anahesabu. Najua alikuwa anahesabu zile jioni nne, Karani akiegesha pikipiki, yeye akisimama pale na swali lake, na sahani yenye mafuta juu. Mtu huyu alikuwa ametoka kuona shingo ya mtoto wake, akaja akala muthokoi wake. Sitamsamehe kwa hilo. Bila yeye tusingewapata watoto, na hilo nalo ni kweli, na sijapata mahali pa kuyaweka yote mawili.

Mahakama iliamuru siku hiyohiyo watoto wakae na mama yao kesi ikiendelea. Waliletwa mchana na mwanamke wa ofisi ya watoto. Yule mkubwa alikuwa amerefuka mpaka dada hakumtambua kwa mgongo. Yule mdogo alikataa kushikwa mkono, akashika gauni.

Karani alikuwa langoni mwa mahakama, peke yake, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Tulilazimika kupita pale. Mama alipita bila kugeuza kichwa. Mimi vilevile. Dada alisimama, watoto wakasimama naye. Karani akafungua mdomo, nadhani alitaka kuomba radhi, na hata mimi ningependa kumsikia.

"Ile mara ya pili," dada akamwambia kabla hajaanza, "haikuwa mdomo. Ilikuwa jino."

Akavuta mdomo wa juu kwa kidole akamwonyesha pengo, akangoja mpaka alipolitazama vizuri. Karani akaitikia kwa kichwa. Kisha tukaenda kuwatafutia watoto chakula.